Mama Alipomkaribisha Mkwe kwa Kijapani

Alkhamis, mwezi wa sita. Tangu alfajiri unavuma gharbi, ule upepo wa moto wa jangwani, na vumbi limeingia mpaka ndani ya kabati la vyombo. Nimefuta meza, nimekaa, nimeinuka nimeifuta tena.

Mwanangu, nnakuandikia kwa sababu kwa mdomo sitaweza. Nikikuita tuzungumze utakuja na simu mkononi, nami nitaishia kukuuliza kama umekula. Jana baada ya Laasiri nilikuwa nakunja nguo chumbani, nikakusikia ukumbini mbele ya wageni wako ukimwambia mkeo, "We mwanamke, hebu lete chai." Thuwaiba akaileta. Mimi tangu hapo sijatulia.

Nisije nikakudhulumu. Sikusikia mwanzo wa maneno yenu. Huenda ulikuwa unatania, na huenda mwenyewe hakuumia, sikumuuliza. Lakini nnaikumbuka Ijumaa moja katika miaka ya tisini, mimi bado msichana sijaolewa, na nnataka uijue kabla hujaniambia, "Mama, ni neno tu."

Mjomba wako Khalfani na mkewe Michiko unawajua kama wazee waliozoeana, wanaogombania rimoti ya televisheni. Hujui kwamba siku hiyo ilibaki kidogo Michiko arudi kwao Japani, na kwamba na mimi nilikuwa na mkono ndani yake.

Khalfani alikwenda Japani kusoma, akafanya kazi kiwandani, akarudi na mke. Tulikuwa tunakaa Ruwi, mtaa wa mji huu huu tulioujia kutoka Unguja, kwenye fleti juu ya duka la vitambaa: mimi, Mama, na Bibi, mama yake baba yangu. Baba alikuwa ameshafariki. Khalfani na mkewe wakakaa nasi. Michiko alifika hajui Kiswahili hata salamu, akajifunza kwa kusikia, jikoni na sisi. Jambo moja lilinishangaza. Hatukuwahi kumsikia akimwambia mtu mkubwa "wewe". Alikuwa akisimama mbele ya Mama, uso kwa uso, anamuuliza, "Mama atakunywa chai?" Mwanzo niligeuka kutazama ni mama gani mwengine aliyeingia.

Bibi alicheka. "Huyu kalelewa," alisema. "Kwani sisi Unguja nani alikuwa akimwambia mkwewe wewe? Mimi mkwe wangu nilimuuliza, 'Bibi kaamkaje?' mpaka akaingia kaburini."

Na sisi Kijapani tulijifunza kwa Khalfani. Mimi sikusomea, mwanangu. Skuli niliishia njiani, na nnayoyaandika ni kama nilivyoyafahamu. Khalfani alizungumza na mkewe Kijapani kutwa, na maneno mawili yalitoka kila mara: ore, akijitaja mwenyewe, na omae, akimwita yeye. "Omae!" kutoka ukumbini, Michiko huyo na birika. "Omae!" kutoka chumbani, Michiko huyo na shati lililopigwa pasi. Mama akisema, "Mwanangu kajaa mapenzi, hata soksi anaziulizia kwa jina la mahaba." Tunacheka. Nami kwa utani wa wifi nikaanza kumwita hivyo hivyo: "Omae, nipe chumvi!" Alinipa chumvi. Alitabasamu kwa mdomo tu, macho hayakuwemo. Niliona, lakini sikufikiri.

Kisha ikaja simu kwamba baba yake anakuja. Siku ile tulikuwa tunamenya vitunguu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Wifi, baba hakupenda mimi kuolewa mbali. Alisema, nitakuja nitazame kwa macho yangu. Nikiona hukai vizuri, nitakuuliza mara moja tu: unarudi? Na mimi kwa baba sijui kusema uwongo."

"Kwani hukai vizuri?"

Alichukua kitunguu chengine. "Wifi anauliza sana," alisema.

Ilinipasa nikae nilifikiri jibu hilo. Sikufanya hivyo, kwa sababu Mama alikuwa ameshanipa kazi. "Mtu anatoka mwisho wa dunia," aliniambia, "aje nyumbani kwangu asisikie hata neno moja la kwao? Aibu hiyo siiwezi. Nifundishe, na usimwambie mtu, tuwafurahishe." Nikamfundisha nilivyokuwa navyo. Mama akawa anafanya mazoezi mbele ya jiko na upawa mkononi: anajipiga kifuani, "Ore!" Ananielekezea mimi upawa, "Omae!" Nusura biriani iungue.

Ijumaa hiyo, baada ya Sala, Khalfani na Michiko wakarudi na mgeni kutoka uwanja wa ndege. Mzee mdogo wa umbo, kavaa suti katika joto lile, mkononi kashika boksi la biskuti lililofungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Mlangoni aliinama kwa Bibi, akainama kwa Mama, akainama na kwangu mimi, nikaona haya. Khalfani alikaa mbele yake magoti pamoja, na sauti aliiteremsha. Nikatega sikio. Hakusema ore hata mara moja. Alijitaja kwa neno jengine, watashi, lile lile alilokuwa akilitumia Michiko kujitaja. Nikajiambia, kumbe kaka yangu ana mimi mbili.

Hapo Mama akatoka jikoni na kanga mpya na sinia ya halua na kahawa. Akaiweka chini. Akatia mkono kifuani, akasema kwa sauti ya furaha, "Ore, mama Khalfani!" Akaufungua mkono kumwelekea mzee. "Omae, baba Michiko! Karibu!"

Michiko akaziweka chini finjani alizoshika.

Mzee alimtazama Mama, na nadhani aliona wazi kwamba mwanamke huyu hana ubaya wowote, kwani aliinama tena, chini zaidi kuliko mlangoni, akamshukuru. Kisha akainua kichwa. Hakumtazama Mama tena. Alimtazama Khalfani, muda mrefu. Halafu akamgeukia binti yake, akasema sentensi moja fupi. Michiko akainamia mkeka. Kijapani sikijui, lakini lile nililijua ni lipi. Lilikuwa lile swali la mara moja tu.

"Jamani," Mama alisema, "nimesema vibaya?"

Bibi alikuwa kaegemea mto wake pembeni. "Michiko," alisema, "tufahamishe, mwanangu. Na usituonee haya."

Michiko akaanza polepole. "Kwetu, mimi ziko nyingi. Mwanamme na rafiki zake anasema ore, kifua mbele. Mwanamke hasemi. Mbele ya mkubwa, mwanamme naye anakuwa mpole, anasema watashi. Na omae..." Akamtazama Khalfani. "Omae ni wewe ya rafiki sana. Au ya mtu aliye chini yako. Mkubwa haambiwi. Mgeni haambiwi."

Mama akajifunika uso kwa kanga. "Ya Rabbi! Nimemtukana mkwe na halua mbele yake!"

"Baba hakumkasirikia Mama," alisema Michiko. "Baba anajua Mama amejifunzia humu ndani."

Hapo ndipo sote tulipofahamu. Mzee wa watu hakuwa na haja tena ya kuuliza mwanawe anaishi vipi. Mama alimwambia yote kwa kumkaribisha, kwa nia safi, kwa maneno niliyompa mimi.

Masikio ya Khalfani yalikuwa mekundu. "Bibi," alisema, "kule wanaume wengi wanasema hivi majumbani. Si tusi. Wenzangu wote kiwandani walikuwa wakisema."

"Sikatai," alisema Bibi. "Mimi sijafika huko. Ulipokuwa unamtaka, ulikuwa ukimwita hivyo?"

"La."

"Ukimwitaje?"

"Michiko-san," alisema kwa sauti ndogo, "kama sisi kusema Bi Michiko."

"Na huyu mzee aliyekaa hapa, unamwita omae?"

"Astaghfirullah, Bibi!"

"Basi lugha yao unaijua sawasawa. Usiisingizie lugha." Akamgeukia Michiko. "Mfasirie baba yako. Yote, usipunguze."

Michiko akafasiri. Mwisho akaongeza maneno yake mwenyewe, marefu kidogo, ambayo hatukuyajua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua finjani akanywa, akainyoosha aongezewe.

Baadaye jikoni nilimuuliza aliongeza nini. "Nilimwambia, nyumba ambayo bibi anamgombeza mjukuu wake mbele ya mgeni, kwa ajili ya mke wa mjukuu, nitakaa kwanza kidogo nitazame."

Ndio bado anatazama, mwanangu, mpaka leo.

Asubuhi yake Khalfani aliita kutoka ukumbini, "Michiko-san, kama chai ipo..." kwa sauti ya mtoto aliyesimamishwa na mwalimu. Bibi alikohoa kuficha kicheko. Nisikudanganye kwamba alibadilika siku moja. Lile neno lilimponyoka mara nyingi, na Michiko hakuwa akijibu Kijapani tena, alijibu Kiswahili, sote tukisikia, "Bwana Khalfani anamwita nani? Mtu wa jina hilo humu hayumo."

Na lazima niandike upande wa Khalfani pia, maana Michiko mwenyewe ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye. Alisema huko Japani, siku zao za mwanzo, Khalfani alipomwita omae kwa sauti ya chini alipenda. Lilikuwa lao wawili. "Kisha upole ukaondoka," alisema, "neno likabaki peke yake." Maneno hayo yananizunguka kichwani tangu jana.

Mimi sijui kama nilikosea. Nisingemfundisha Mama, mzee angelirudi kwao karidhika, na Khalfani labda angelibaki vile vile. Lakini Mama aibu ile aliikumbuka mpaka anafariki, naye hakuwa na kosa. Sijaweza kuyaweka sawa mambo haya mawili, na sidhani kama nitaweza.

Sisi Kiswahili chetu kina mimi moja. Waziri na mfagiaji, mwanamke na mwanamme, wote mimi. Kwa hivyo tunadhani hatumo katika mambo hayo. Tumo. Ulipokuwa unamposa Thuwaiba ulikuwa ukizungumza naye kwa simu humu humu jikoni mwangu, na kila neno lilikuwa "Bi Thuwaiba". Hukusahau jina lake. Nnachokuomba ni hiki: mbele ya wenzako mwite kama unavyomwita mbele ya baba yake. Kama mna neno lenu la siri, litumie, lakini angalia kama upole bado umo ndani yake. Ukiona umetoka, liweke neno kando mpaka urudi. Akikwambia hakuumia, muamini, kisha muulize tena hali mko peke yenu. Na ujue watoto wenu watayachukua maneno mdomoni mwako na kumkaribishia nayo mgeni.

Mwenyezi Mungu akulainishie ulimi wako na akutilie baraka nyumbani mwako, na akujaalie mkeo afurahi anaposikia unamwita. Na mimi anisamehe kama nimeingia pasiponihusu.

Usiku. Upepo umetulia. Tumekula wali wa nazi na mchuzi wa papa. Thuwaiba alipakua, akakuuliza, "Bwana ataongezewa mchuzi?" Hakusema wewe. Nilimtazama usoni nisijue ni heshima au ni mlango unafungwa. Wewe uliinua kichwa, ukamtazama na wewe, na wali wako hukuumaliza. Karatasi hii nnaiweka chini ya simu yako.