Rula na Hela Iliyomegwa Njiani

Hili ninalowasimulia hamtaliamini, na wala siwalaumu, maana hata mimi niliyekuwepo nilijifinya: mpwa wangu aliongeza kipato chake mbele ya watu wa kodi, na kodi ikapungua. Chekeni tu. Shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini kujumlisha na kutoa sijasahau, na hesabu hiyo ilinigomea kichwani.

Mpwa wangu huyu, mtoto wa dada yangu, nyumbani tunamwita Rula, kwa sababu rula ndiyo inayokaa nyweleni mwake mahali pa kitana. Kazi yake ni kuchora violezo vya mikoba, yaani zile karatasi ngumu ambazo fundi huzilaza juu ya ngozi ndipo akate. Chumba chake kina meza moja ndefu, taa yenye shingo, na vipande vya karatasi mpaka ndani ya viatu. Akili karithi kwangu. Sura kwa baba yake, masikini.

Violezo vyake vinanunuliwa na kiwanda cha nje ya nchi. Anavituma kwa kompyuta, wanalipa. Ila kabla hela haijatoka kwao, serikali ya kule inamega kodi yake, na Rula anapokea kilichobaki. Mwaka huu alikuwa ametanguliza malipo ya cherehani ya ngozi, ile inayotoboa tabaka nne bila kuguna, ili ashone mikoba yake mwenyewe, si kuwachorea wengine maisha yote. Muuzaji alimpa hadi mwisho wa mwezi amalizie. Akichelewa, inakwenda kwa mteja mwingine. Ndipo watu wa kodi wa kwetu nao wakamtaka alipie hela hiyo hiyo ya nje. Akiilipa, cherehani basi tena.

"Mjomba, si nimeshakatwa kule? Mimi mnyama gani, nichunwe ngozi mara mbili?"

"Vaa viatu," nikamwambia. "Twende. Watanitambua."

Hawakunitambua. Tulikalia benchi la mbao mpaka nikasahau kilichonileta, ndipo tukaitwa dirisha la mwisho. Ofisa alikuwa kijana wa miwani, sauti ya chini kama yumo chumba cha mgonjwa. Rula akamweleza, akatoa fomu ya kodi aliyoijaza, na cheti alichopewa na kiwanda kuthibitisha kodi iliyokatwa.

"Dada, hapa una bahati," ofisa akasema. "Nchi yetu na ile zina mkataba, kipato kimoja kisilipiwe kodi kamili huku na huko. Uliyokatwa kule tunaitoa kwenye ya hapa. Ila hesabu yako ndiyo inakuangusha. Cheti kinasema katika kila mia wamekata ishirini. Wewe umeandika themanini."

"Si ndizo zilizonifikia?"

"Sawa, lakini hiyo ishirini umeifuta. Nitakupunguziaje kitu ambacho hukukiandika?"

Damu ikanipanda. "Kijana, unataka mtoto wa watu aandike hela ambayo hata harufu yake hakuisikia?"

"Ndiyo, mzee."

"Ajionyeshe tajiri zaidi ndipo alipe kidogo?"

"Ndiyo, mzee. Sisi tunatoza thelathini kwa mia. Kwa hizo themanini, anadaiwa ishirini na nne. Akiandika mia kamili anadaiwa thelathini, tunatoa ishirini za kule, inabaki kumi."

"Rudia polepole," nikasema. "Si kwa ajili yangu, ni huyu mtoto."

Huyu mtoto wala hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameitoa rula nyweleni, anaigeuzageuza.

"Mjomba, ni ukingo wa mshono."

"Ukingo umeingiaje tena?"

"Nikichora mkoba, siuchori kwa ukubwa utakaoonekana. Nauzungushia upana wa kidole, ambao utamezwa na mshono. Ukishashonwa huuoni, lakini nisipouchora, mkoba unatoka mdogo. Mimi hapa nimewaandikia mkoba ulioshonwa tayari."

Ofisa akavua miwani, akacheka. "Huo mfano nitauiba, dada."

Rula akaisahihisha fomu pale pale kwenye benchi: mia yote, kodi ya kule, na cheti nyuma yake. Jibu lilikuja kabla mwezi haujaisha, alipe hiyo tofauti tu. Kesho yake tukaibeba cherehani. Tuliibeba, nasema, mimi nilishika kikopo cha mafuta yake, nacho si chepesi.

Na msidhani mchango wangu ndio huo tu. Siku ile, Rula akiwa bado kainamia karatasi, sifa zangu zilikuwa zimeshapanda huko juu, na mkuu wa ofisi mwenyewe, ndani ya suti ya kijivu, akashuka ngazi mbio, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee, laiti kila mlipakodi angekuwa na mjomba kama—"

"Mjomba!" Rula kasimama nyuma yangu, anasoma haya ninayoandika juu ya bega langu. "Ngazi zipi? Ofisi ile haina ghorofa!"