Jani la Kando ya Choo

Tangu walipokaa dawati moja darasa la nne, Warigia hakuwahi kumwona Hezekiah akifanya jambo bila kulitangaza kwanza. Debe tupu, basi, na watu wa kijiji cha Wamagana wakalichagua kuwa mzee wa kanisa.

Warigia alikuwa mtu wa kazi. Miaka arobaini aliuza ndizi sokoni, na hakuziivisha kwa dawa za dukani. Alizifukia shimoni na kuzifunika kwa maigoya, yale majani mapana yenye manyoya laini ambayo wazee wetu wote walikwenda nayo chooni. Siku hizi watu wanaona haya kuyataja. Hezekiah ndiye aliyeanza kuona haya. Alisimama mbele ya kanisa akasema familia ya maendeleo hutumia karatasi.

Mwaka jana akaja Lynn, msichana anayesomea mimea chuoni Nairobi. Chini ya shamba la Warigia, karibu na mto, alikuta kichaka kilichomfanya apige magoti kwenye tope. Kilikuwa ndugu ya maigoya, lakini si maigoya. Majani yake yalikuwa membamba kidogo, maua ya zambarau iliyokolea, na ukiyasugua yananukia kama limau. Mama yake Warigia alimkataza tangu utotoni kuivishia ndizi, eti zitakuwa nyeusi. Lynn alisema mlima wetu mzima ameuzunguka na hajaona kingine. Angerudi kuchukua mbegu.

"Shosho, tafadhali, mtu asikate."

"Nani atakata? Iko hapa kabla nizaliwe."

Alimsahau Hezekiah. Wiki haikuisha kabla kamati ya kuhifadhi mti haijaundwa, na mwenyekiti akawa nani tena? Mwezi mmoja na nusu kabla ya Lynn kurudi, Warigia akiwa sokoni, kamati ilishuka na mapanga kutayarisha uwanja wa hema la kumpokea, utadhani anakuja gavana. Kichaka kilisimama pale pale hema lilipotakiwa, kwa hiyo wakaking'oa hadi mizizi. Kisha wakachagua kichaka kizuri cha maigoya ya kawaida, wakakizungushia seng'enge na kupigilia kibao: MTI ADIMU. USIGUSE. Watu waliolikimbia jani hilo maisha yao yote wangelitofautishaje na nduguye?

Warigia alikuta matawi yamenyauka kwenye lundo la takataka. Alilia kwa hasira. Halafu akakata vijiti vitano na kuvipanda kando ya choo chake, yanapopita maji ya kuogea. Vinne vilikauka. Kimoja kilishika, kikatoa majani manane, na kila asubuhi aliyahesabu. Hakumwambia mtu. Angesema, kamati ingekuja kukisaidia.

Siku yenyewe ilipofika, Hezekiah alikula sahani mbili za mukimo na nyama, akahutubia nusu saa juu ya urithi wa mababu, kisha tumbo likamkatiza. Aliuacha umati ukipiga makofi, akapanda mbio kuelekea choo cha Warigia. Karatasi ilikuwa imemalizwa na kamati tangu asubuhi.

Huku chini Lynn alipitisha mkono kwenye seng'enge, akasugua jani, akalinusa. Uso wake ulisawijika.

"Hii ni maigoya tu. Ile ingine iko wapi?"

Warigia alimshika mkono. "Usilie. Kuja, niko na moja."

Walipofika juu, Hezekiah alikuwa anatoka akifunga mshipi. Kando ya mlango, kijiti kilisimama uchi. Jani moja dogo lilibaki kwenye ncha.

"Nani ametoa majani?" Lynn aliuliza.

Mwenyekiti alimjibu Warigia, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Mama Munene, mimi nilidhani ni maigoya ya kawaida."

"Ya kawaida si ndiyo umefungia seng'enge?" Warigia alimuuliza.

Alimwangalia mpaka akashuka kwenda kwa watu wake, polepole, bila kutangaza chochote. Kisha alipiga magoti, akakwaruza ganda la kijiti kwa ukucha. Ndani kulikuwa kijani.

"Itachipuka," alimwambia Lynn. "Bora tu kamati isikule mukimo tena hapa."