Aliyenipa Bati Nishike

Kama huniamini, njoo nyumbani nikuonyeshe mkono wangu wa kulia. Hauinuki kupita bega. Au muulize mke wangu, Wawira, maana yeye hana tabia ya kupamba maneno. Haya yalitokea karibu na Nkubu, mchana, na sikuwa nimeonja pombe hata tone.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nilibeba zege Kiambere bwawa lilipokuwa likijengwa, na huko Mbeere ndiko nilikompata Wawira. Kisha tukaenda Timau kwenye mashamba ya ngano, tukaja Meru mjini, tukarudi Timau tena. Kila nyumba tuliyopanga niliilinganisha na kile chumba chetu cha Kiambere, joto lake, na upepo uliokuja na harufu ya mto Tana. Kila nyumba ilishindwa. Wawira akachoka.

"Baba Mwenda," aliniambia, "hizi sufuria zimefungwa na kufunguliwa mpaka zinajua njia zenyewe. Ninunulie mahali nitakapozeekea. Sikuombi kingine."

Nikamwahidi. Ndivyo tulivyofika kwa Mzee Gitonga, aliyekuwa anauza nyumba ya mawe yenye paa la mabati, juu kidogo ya barabara ya Embu. Nilichagua siku ya mvua makusudi. Nani hununua paa siku ya jua?

Wawira hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni akamuuliza mzee, "Mzee, hili paa lilimalizwa siku moja?"

Nikuelezee. Nyumba za nyasi za babu zetu ziliezekwa kwa siku moja, na moto ukawashwa ndani kabla jua halijatua. Nyumba ikilala wazi, walisema, mwingine ataingia kabla ya mwenyewe.

Mzee akakohoa. "Mama, haya ni mabati. Si nyasi."

Nami nikacheka. Niamini, nilicheka kwa sauti.

Kwenye korido palikuwa na kimlango cha kupandia darini. Nikatundika koti langu kwenye ngazi, nikavua viatu, nikapanda bila tochi, nikakirudisha kile kimlango nyuma yangu. Anayejua kukagua paa hapandi na taa. Hukaa gizani akatulia, na kila tundu la msumari uliolegea hujionyesha kama nyota. Nikachuchumaa juu ya mbao. Mvua iligonga mabati juu ya kichwa changu hata sikujisikia nikipumua. Nikaziona nyota chache. Si mbaya, nikawaza. Zitazibwa kwa lami.

Halafu nyota ya mbali ikazimika.

Ikarudi, na iliyofuata ikazimika. Kisha nyingine, ya karibu zaidi. Unaelewa? Kitu kilikuwa kinapita kati yangu na mwanga, kikija.

"Afadhali umefika," sauti ya mwanamume ikasema, ya kawaida kabisa, sauti ya fundi aliyechoka. "Shika hapa kidogo."

Mzee alikuwa ametuambia hakuna mtu mwingine mle ndani. Lakini wewe ukiombwa na fundi umshikie bati, utaanza kumuuliza alikotoka? Sisi tumezoea kusaidiana. Nikainua mikono, nikashika ukingo wa bati, wa baridi na wenye maji. Vidole vikavu vikanitia misumari kati ya midomo, kama mafundi wanavyoibeba. Kisha nikasikia kimlango kikifunguliwa, hatua zikishuka ngazi, na kimlango kikifungwa.

Nilijaribu kuliachia lile bati. Mikono haikushuka. Nilijaribu kuita, midomo ikakataa kufunguka juu ya misumari. Paa lote lilikuwa limenilalia viganjani, na chini yangu, ng'ambo ya bodi nyembamba za dari, nikasikia mtu akizungumza.

Ilikuwa sauti yangu.

"Paa ni zima," ilisema. "Mzee, tunaichukua. Mama Mwenda, tutakaa hapa mpaka tuzeeke."

Wawira alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu tuoane. Nilimsikia akisema polepole, "Sema tena."

"Tutakaa hapa mpaka tuzeeke."

Nikamsikia akicheka huku analia. Alikuwa anaenda kukaa na yule, na mimi ningebaki pale juu nimeshika bati, nikiwasikiliza wakila chakula chao.

"Na leo hujalalamika?" akamtania. "Hata hujasema Kiambere ilikuwa bora?"

Kisha sauti yangu ikauliza, "Kiambere ni wapi?"

Ndipo Wawira akapiga yowe. "Baba Mwenda! Uko wapi, Baba Mwenda?"

Sikuwa na mdomo wala mikono. Nilikuwa na mguu. Nikakanyaga nao kwa nguvu zangu zote, bodi ikapasuka, mguu ukaning'inia hadi gotini. Wawira akaja mbio kutoka mlangoni; aliijua soksi, alikuwa ameishona kisigino mwenyewe. Akaukumbatia mguu ule akavuta, na kitu begani mwangu kikakatika. Nikaanguka na vumbi na vipande vya dari, nikitema misumari yenye kutu.

Pale koridoni hapakuwa na mtu mwingine. Koti langu lilikuwa sakafuni, limelowa.

Mzee Gitonga tulimkuta nje kwenye mvua, hatazami mlango. "Mabati yalipungua," alisema. "Fundi akaenda kutafuta mengine, giza likaingia. Lililala wazi usiku mmoja tu."

Sasa tunaishi Timau, chumba kisicho na dari, ambamo nikilala naiona misumari yote. Sijahama tena. Usiku mwingine mvua ikinyesha Wawira hunigusa na kusema, "Sema tutakaa hapa mpaka tuzeeke." Mimi hufungua mdomo, nikaonja kutu, na maneno hayatoki. Hapo yeye hushusha pumzi, maana yule mwingine aliyasema bila shida, akageuka, akalala.

Basi wewe unayetafuta nyumba, usiulize tu kama paa linavuja. Uliza lilifungwa siku gani, na jua lilikuwa wapi. Na mtu akikuambia gizani umshikie kitu kidogo, mtazame uso kwanza.