Nguzo Aliyoishika Mukasine

Mukasine ni fundi seremala, na ukimwambia kwamba hiyo ni kazi ya wanaume atakuuliza mlango wa nyumbani kwako ulitengenezwa na nani. Nusu ya milango ya mtaa wa Kinyinya imepita mikononi mwake. Kazi alifundishwa na baba yake huko Karagwe, upande wa Tanzania, walikokuwa wakimbizi, na Kiswahili chake amekitoa hukohuko. Ana miaka hamsini na mitatu, ni mjane, na akisema hapindishi maneno.

Kanisani kwao, hata hivyo, hakujulikana kwa milango. Alijulikana kwa nguzo. Miaka kumi na miwili iliyopita, kanisa likiwa bado kibanda cha miti na mabati, homa ndefu ilimwacha miguu haina nguvu. Wanawake walimleta ibadani wakimshika huku na huku. Katikati ya maombi akajinyanyua, akakamata nguzo ya mkaratusi iliyobeba paa, akapiga hatua moja, kisha ya pili. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Tangu hapo, kila Jumapili ya Shukrani aliitwa mbele kutoa ushuhuda, na kila mwaka aliutoa akiwa ameishika nguzo ileile, maana ndivyo watu walivyopenda.

Kibanda kilipobomolewa na kanisa la matofali kujengwa, nguzo haikutupwa. Ilisimamishwa kando ya madhabahu, haishikilii hata bati moja. Watu wakaanza kuigusa wakiingia. Wakaanza kuifunga vitambaa vyenye majina ya wagonjwa wao. Wageni wakawa wanashuka stendi ya Nyabugogo wakiulizia kanisa lenye nguzo, Yesu hawamtaji. Mukasine aliyaona yote hayo akanyamaza. Tuseme kweli: yalimpendeza. Nani hapendi kuonyeshwa kwa kidole kwa jambo jema?

Mwaka huu baraza la wazee likaamua nguzo iwekewe sanduku la kioo. Na fundi awe nani kama si yeye? Akaja na futi kamba, akapima, akaandika vipimo.

Jumamosi hiyohiyo alikuwa na darasa lake la Biblia la Kiswahili, la Watanzania na Wakenya wa ofisi za Kacyiru. Somo lilikuwa Hezekia. Aliwaeleza bila kubembeleza, kama kawaida yake: wana wa Israeli waliumwa na nyoka jangwani, Musa akaagizwa na Mungu mwenyewe atengeneze nyoka wa shaba, na aliyeumwa akimtazama alipona. Hapo hapakuwa na kosa. Kosa lilikuja baadaye, walipomtunza yule nyoka kizazi hadi kizazi, mpaka wakamfukizia uvumba. Hezekia alipotawala akamvunja vipande vipande.

"Angalieni vizuri," akasema. "Hicho hakikuwa kitu cha Baali. Alivunja kitu kilichotoka kwa Mungu."

Leah, dada mpole wa Kitanzania, akauliza kwa nia njema kabisa: "Sasa mama, sisi nguzo yetu tunaiwekea kioo ili iweje?"

Wenzake walicheka. Mukasine alifunga Biblia yake. Aliaga darasa kabla ya saa yake, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Mchungaji Évode si mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamweleza kwamba imani ya wengi ni changa na inahitaji kitu cha kushika. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, akamgusa palepale panapouma.

"Mama, hii poto, hii nguzo, si mimi nilifanya iwe kubwa. Ni wewe iko nasema habari yake kila mwaka."

Akamkumbusha pia kwamba anayepinga baraza hutengwa na meza ya Bwana. Hukaa benchi la nyuma, kikombe kikampita. Kwa Mukasine hilo halikuwa jambo dogo. Tangu amzike mumewe, hakuwahi kuikosa meza ile hata mara moja.

Wiki nzima alikuwa na hasira. Alimkasirikia Évode, akamkasirikia Leah, hatimaye akajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyokaa.

Jumapili ya Shukrani ilipofika, alikwenda mbele na mfuko wake wa kazi. Watu wakapiga makofi wakidhani kioo kimefika. Mukasine hakuishika nguzo.

"Miaka kumi na miwili nimewapa nusu ya habari," akasema. "Hii niliishika kwa sababu nilikuwa naanguka. Angekuwa mbuzi ndiye aliye karibu, ningemshika mbuzi. Aliyeniponya ni Mungu, na mimi nikawaachia mti."

Akatoa msumeno.

Shemasi Bayingana alikuja mbio akamkamata mkono, akamwambia yeye si Hezekia wala si mfalme. Mukasine akamjibu kwamba analijua hilo, ila wafalme wa hapa wameagiza kioo. Kisha akapaza sauti: "Kama ina uwezo, niacheni. Ijitetee yenyewe."

Bayingana anaijua Biblia yake. Alikumbuka kwamba baba yake Gideoni ndiye aliyesema hivyo siku mwanawe alipobomoa madhabahu ya Baali, akamwachia.

Mkaratusi mkavu ni mgumu, na kazi ilichukua muda. Akimana, mama aliyefunga kitambaa kwa ajili ya binti yake asiyepata mtoto, alilia waziwazi, na kilio hicho kilimuuma Mukasine kuliko mkono wa shemasi. Hakuacha.

Baraza lilikaa jioni ileile. Évode akamwambia kwamba akisimama mbele ya watu na kuomba msamaha, yataisha.

"Nitaomba, Pasteri," akasema Mukasine. "Nitawaomba msamaha kwa ushuhuda wangu, mmoja mmoja, nianze na Akimana. Kwa kukata, oya, siombi. Andikeni jina langu kwa waliotengwa."

Wakaliandika.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma. Akimana aliingia amechelewa, akaenda mpaka kando ya madhabahu, akanyoosha mkono kwa mazoea, akakuta hakuna kitu. Kisha akarudi mpaka nyuma, akaketi karibu na Mukasine bila kumsalimia.

"Sasa mimi nashika nini?" akauliza.

"Hakuna, mama. Omba hivyohivyo."

Kikombe kilipita mbele yao, wala Mukasine hakukigusa. Akimana alikuwa bado amemkasirikia, lakini alikuwa anaomba.