Farasi Aliyekaa Upande

Fundi cherehani hakumpa mkono mpinzani wake wa raundi ya mwisho. Aliwahi kuwa mumewe, na katika ndoa yao yote mwanamume huyo hakupita kitu bila kukinyoosha: mapazia, sahani mezani, hata kola ya gauni lake mbele ya wageni, huku akiguna.

"Sataranji yenyewe nilikufundisha mimi," alisema akivuta kiti. "Usijichoshe bure."

"Funga mdomo, ucheze."

Mwanamume alianza kama alivyoanza siku zote. Askari wakalana katikati, naye akamtoa malkia wake mapema, mbwembwe tupu. Fundi akaruka na farasi kumfukuza, akamtua upande makusudi, nusu nje ya mraba wake. Malkia akakimbilia pembeni, akabaki anammezea mate farasi anayelindwa na askari.

Fundi akasogeza kete nyingine, akakunja mikono, akasubiri.

Mwanamume alimtazama yule farasi. Akatazama pembeni. Akamtazama tena. Mara vidole vyake vikaenda vyenyewe, vikamnyoosha.

"Mwamuzi!" Fundi aliita. "Amegusa kete yangu bila kusema kwanza kwamba anaiweka sawa."

Mwamuzi hakusita. "Ukigusa kete ya mwenzako, lazima uile kama unaweza."

Na aliyeweza kumla ni malkia peke yake.

"Nilikuwa namweka sawa tu! Mwanamke huyu ana roho mbaya!"

"Kula," alisema fundi.

Akala. Fundi akamla malkia kwa askari, kisha akamweka askari huyo upande, kimshazari kabisa.

"Haya, nyoosha na huyu."