Mtu wa Tarehe Moja Januari

Mjukuu wangu alipoposwa alikuwa anaishi na mama yake Louisville, kule Highview, na kijana aliyemposa alikuwa anaishi na shangazi yake Columbus. Mimi niko Buffalo kwa mwanangu wa kiume. Ilikuwa mwaka wa 2015, au labda uliofuata; miaka hunichanganya, majina hapana. Watu wote niliokaa nao kambini Tanzania ninao kichwani, kwa majina yao na ya mama zao. Hapa sitayaandika, maana wengi wao wako hai.

Baba wa binti alikwisha kufariki, kwa hiyo mwanangu, mjomba wake, ndiye aliyepaswa kujibu posa. Jibu lilipangiwa Jumamosi, Highview. Kule kambini, posa ikija, ungeuliza majirani wa kijana: baba yake anakunywa? Mama yake ana maneno? Kabla ya jioni ungekuwa umejua mpaka kuku waliyemla kwa siri. Sasa Columbus tungemuuliza nani?

Siku moja mwanangu alirudi kutoka kiwandani Tonawanda, akaoga, akafungua kompyuta.

"Mama, nchi hii kesi za watu ziko wazi. Unaandika jina na tarehe ya kuzaliwa, basi."

"Za watu gani?"

"Wa aina yoyote."

"Hata zangu?"

"Wewe una kesi gani, Mama?"

"Sina. Nitafute hivyo hivyo."

Akanitafuta. Sikuwamo. Sijui kwa nini niliona vibaya kidogo.

Kisha akaandika jina la kijana. Mshenga, mzee wa kanisa lao, alikuwa ametutumia picha ya kitambulisho chake ili tuone ni mtu wa kueleweka. Kompyuta ikafikiri, ikamleta: jina lile lile, tarehe ile ile ya kuzaliwa, mpaka mwaka. Alikamatwa Columbus kwa kumpiga mtu nje ya baa. Kuona zaidi ya hapo, ule ukurasa ulitaka ulipe, na mwanangu alikataa.

"Hakuna harusi," akasema, akafunga kompyuta.

Nilimpigia mjukuu, nikamweleza. Akasema, "Bibi, si mumuulize mwenyewe?"

"Kijana haulizwi. Anaulizwa mshenga."

"Muulizeni mshenga basi."

"Mshenga ni wa kwao. Atatuambia ni malaika."

"Okei," akasema, ile okei ya watoto wa huku inayomaanisha kwamba si sawa hata kidogo. Kisha nikasikia analia. "Bibi, mimi huyu ndiye ninayemtaka. Mkimkataa kwa sababu ya kompyuta, msinitafutie mwingine."

Usingizi ulinikimbia. Nilimwuliza mwanangu zile karatasi zenyewe zinakaa wapi. Akasema mahakamani Columbus, na mtu yeyote anaweza kuingia akaziomba. Jambo hilo lilinishangaza. Kambini wazee walisikiliza kesi mbele ya watu wote, hata watoto walikaa nyasini wakasikia. Lakini ikishakwisha, imekwisha. Ukiifufua barabarani, wanakutoza faini wewe. Huku kesi inakwisha lakini mlango wake haufungwi, na mgeni kutoka Buffalo anaingia. Nilitaka kuuona huo mlango.

"Njia ya Louisville inapita hapo hapo," nikamwambia. "Tusimame."

Ijumaa tuliingia mahakamani Columbus. Nilivaa kitenge kizuri. Dirishani alikaa mama mmoja mweusi wa huku, mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau. Mara moja tukamwaga kila kitu mbele yake: vitambulisho, kadi za kijani, mpaka bili ya umeme. Sisi mtu wa dirishani hatumwendei mikono mitupu.

Yule mama akazisogeza kwa kidole. Mwanangu akawa ananitafsiria. "Anasema hawaombi karatasi. Anasema rekodi hizi ni za umma."

"Mwambie tunatafuta ya mkwe."

"Anasema hawaulizi hata kwa nini unataka."

Nilicheka. Tangu nitoke Burundi sijawahi kufika ofisi isiyouliza kwa nini.

Akaandika jina na tarehe. Akakunja uso. "Ninao watatu. Wote tarehe moja Januari, mwaka mmoja." Kisha macho yake yakaangukia vitambulisho vyetu pale mezani. Cha kwangu: tarehe moja Januari. Cha mwanangu: tarehe moja Januari. "Na nyinyi pia?"

Tukatazamana, mimi na mwanangu, kama watu waliokutwa wamevaa viatu vya wengine.

Wakati wa kuandikishwa, mkimbizi asiyejua siku yake aliandikiwa tarehe moja Januari, na mwaka ukakisiwa kwa kutazama uso. Nyumbani kwetu sote tulizaliwa siku hiyo. Mjukuu hununua keki moja tu. Na jina la kijana ni lile la kumshukuru Mungu ambalo akina mama wetu huwapa watoto baada ya uzazi mgumu. Kambini peke yake nilijua watano. Haya yote tuliyajua. Ila kompyuta iliposema jina moja na tarehe moja, tukasadiki, kwa sababu ilisema kwa Kiingereza.

Wa kwanza kati ya wale watatu alishikwa kwa mwendo wa kasi barabarani. Wa pili alikuwa na kesi na mwenye nyumba wake. Wa tatu ndiye aliyepigana. Yule mama akatuchapishia karatasi za huyo wa tatu, na mwanangu akasoma kwa sauti: macho ya kahawia, tatuu mkononi, kimo chake kifupi kuliko cha mwanangu. Kijana wetu alipokuja Krismasi kusalimia, aliinama mlangoni ndipo akapita.

"Si yeye," mwanangu akasema, akaketi.

Lakini mimi nilitaka kujua yule mwingine. "Huyu ni mtoto wa nani?"

"Jina la mama hawaandiki," mwanangu akatafsiri.

"Wameandika tatuu, mama hapana? Wanamjuaje basi?"

Yule mama wa kucha akajibu bila kufikiri, "Kwa tarehe ya kuzaliwa." Kisha akasikia alichosema, akacheka mpaka akafunika mdomo.

Nje, mwanangu aliwasha gari. Mimi nikakumbuka maneno ya mshenga. Akimsifia kijana uvumilivu, alisema maghala mawili yalimwahidi kazi, kisha yakamwambia haiwezekani, bila sababu ya kueleweka.

"Twende kwao," nikasema.

"Mama! Sisi ndio tunaoposwa. Hatuendi kwao kabla ya jibu."

"Kama sisi tumemkosea, na wale wa maghala, wenye kompyuta zao, je? Twende."

Alimpigia mshenga kuomba anwani. Nilimsikia mzee wa watu akipiga kelele ndani ya simu: "Mnaniua! Mnaniua kabisa!"

Shangazi alifungua mlango akiwa na unga mikononi, akarudi nyuma hatua nzima. Kijana aliinuka kwenye kochi, akaendelea kuinuka, maana ni mrefu kweli. Mwanangu akampa zile karatasi, akamweleza tulivyomtafuta na tulivyokosea, na kwamba labda yale maghala nayo yalikosea hivyo hivyo. Kijana akasoma polepole.

"Kwa hiyo kwao huyu ni mimi."

"Kwa asiyekujua," nikasema.

"Mimi nilidhani ni Kiingereza changu." Akakaa. "Waliniambia rekodi yangu haikupita, nikaona haya kuuliza rekodi gani." Baadaye akainua uso. "Bibi, yule wa mwendo wa kasi ni mimi."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Louisville."

Mwanangu alijikaza asicheke, akashindwa. Akamwelekeza lile dirisha la mahakamani liko mtaa gani, akamwambia aende Jumatatu, aombe cheti cha kuonyesha kwamba kesi ile si yake.

Shangazi akaleta maharage, ndizi zilizochemshwa na maganda yake na Fanta, akaziweka mezani kwa woga. Alijua, nasi tulijua: kwetu, upande wa binti hauli kwa waposaji kabla ya kutoa jibu. Ukila, umejibu ndiyo. Mwanangu alinitazama. Nikavuta sahani.

Simu ya shangazi ikalia. Alikuwa mshenga, anauliza kama awaambie watu wa kesho wasisafiri. Shangazi alinitazama nikimenya ndizi.

"Mzee, tulia," akamwambia. "Bibi anakula."