Pua ya Zulma

Zulma hakuzaliwa kwenye bia, aliolewa nayo. Kwao walikuwa wafuga ng'ombe upande wa Veurne. Siku alipoletwa kwa akina Decorte, wapika bia, baba mkwe alimpa bilauri ya bia akitaraji kumwona akikohoa. Zulma akanywa, akasema aliyeipika alikuwa na haraka. Mzee alicheka mpaka machozi, kisha akainuka akampa kiti chake cha kuonjea. Toka siku hiyo hakuna tangi lililofunguliwa pale bila neno la Zulma. Amemzika mzee, amemzika mume, na kiti bado ni chake. Asiyependa akanywe maji.

Bia yao ni ile nyeusi, nzito, ya mtindo wa watawa. Bilauri mbili zinakutuliza, ya tatu inakulaza. Mwaka huu mwanawe, Wannes, aliamua kutia plamu, wakagombana kiangazi kizima. Zulma alisema matunda ni ya jamu na jamu ni ya mkate. Wannes hakubishana sana. Alizichuma plamu za mti wa mama yake mwenyewe, ule ulioegemea ukuta wa ua, akaziponda na kokwa zake, akazitia kwenye tangi.

Jumapili baada ya misa wakaketi jikoni: Zulma, Wannes, na Irma, dada wa marehemu mumewe, aliyekitolea macho kile kiti tangu arusi ya Zulma. Mezani palikuwa na jibini, haradali na mkate. Tangini bia ilingoja kutiwa chupani kwa sikukuu ya parokia, nayo ingetoka kwa neno la Zulma au isitoke.

Wasilolijua wenzake ni kwamba pua ya Zulma ilikuwa imekufa. Mafua ya Januari yaliondoka nayo. Maziwa yalikuwa yameungua mara mbili naye amekaa palepale anamenya viazi. Hakumwambia mtu. Irma angejua, kiti kingehama kabla sahani hazijaoshwa.

Wannes akamimina polepole. Povu likapanda, likakaa. Zulma akainusa bia kwa madaha, kama siku zote, asisikie kitu, akanywa. Utamu ulitangulia, uchungu ukafuata, kisha joto likateremka kifuani na ganda la plamu likamkausha ufizi. Kitu kilikuwemo. Ila kilikuwa kama nyumba ya jirani iliyofungwa madirisha: unajua watu wamo, huwaoni.

"Haya wifi," Irma akasema, "puani unasikia nini?"

"Karafuu," Zulma akajibu bila kupepesa. Hamira yao ilitoa harufu ya karafuu miaka yote. Hakuhitaji pua kulijua hilo.

"Karafuu hata paka wa padri anaisikia. Kingine?"

"Ukiniharakisha nitaanza upya."

Wannes hakucheka. Alikuwa ameisogeza sahani yake kando. "Mama, niambie kweli. Mimi nasikia kama gundi. Kila nikifungua tangi naisikia. Kama imeharibika, naimwaga yote kesho. Wewe ukisema hakuna, naitia chupani, sina swali tena."

Hapo Zulma akaiweka bilauri mezani. Kumdanganya Irma lilikuwa jambo moja, tena tamu. Lakini mtoto alikuwa amemwekea tangi zima ulimini, na kwenye kila chupa kungeandikwa jina la akina Decorte.

"Sijui," akasema. "Pua yangu imekufa tangu Januari."

Irma akatafuna jibini lake mpaka likaisha.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Ulikuja kwangu Pasaka umevaa koti linalonuka mafuta ya taa, umejiinua kama malkia."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa naona raha."

Wannes akamtazama mama yake, akamtazama shangazi. Irma akaanza kuinuka, mkono tayari kwenye mgongo wa kile kiti.

"Kaa," Zulma akasema. "Kitini sitoki. Pua ndiyo iliyokufa, mimi bado nipo. Vuta chako hapa karibu. Nusa, useme unachosikia, wala usiongeze chumvi."

Irma alikuwa na makosa mengi, lakini kwa bia ya baba yake hakuwahi kusema uongo. Akavuta kiti, akaizungusha bilauri, akanusa akiwa amefumba macho. Akanusa tena.

"Gundi ipo," akasema. Wannes akashika kichwa. "Ngoja, mtoto. Hii siyo ya seremala. Ni ile nyeupe, ya kopo, ya shuleni kwa masista. Tulikuwa tunailamba. Ilinukia lozi."

Zulma akamnyang'anya bilauri, akanywa, akaishikilia bia mdomoni muda mrefu. Ule uchungu wa mwisho, alioupita mwanzo, sasa akaujua: mdogo, safi, wa kiini cha kokwa. Kooni hapakukwaruza kitu.

"Ni kokwa," akasema. "Umeziponda plamu nazo, na kiini chake hunukia lozi. Bia haina ubaya wowote. Itie chupani."

Wannes akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Ni mimi niliyesema lozi," Irma akasema.

"Umenusa. Aliyesema itiwe chupani ni mimi."

"Basi mwakani nakaa hapahapa."

"Kaa. Lakini sogeza kiwiko, unanibana."